Kidude Kinachojua Kurudisha Chenji

Sogeeni hapa kivulini, wanangu, kabla jua la Komarock, hapa Nairobi, halijatufuata mpaka ukutani. Wewe mwenye mpira, uwekee mguu juu usikimbie. Wewe mwenye mandazi, kula tu, masikio hayatafuni. Nina kitu mkononi.

"Mjomba, ni simu?"

Si simu.

"Ni rula?"

Si rula, ingawa umbo halijapishana sana. Ni kidude bapa, chembamba, kinaingia mfukoni mwa shati.

"Betri yake iko wapi?"

Lo! Huyu mtoto ataniua kwa furaha. Watu wazima wakikiona huuliza bei. Wewe umeuliza nguvu zake zinatoka wapi. Hakina betri. Hakina waya. Stima zikipotea Komarock nzima mpaka Kayole, chenyewe hakina habari. Kinaendelea na kazi yake.

"Kazi gani?"

Kujumlisha. Moja na moja, mia na mia, nauli ya leo na nauli ya jana. Nyamazeni kidogo, nataka kiseme chenyewe. Nami nitakipa sauti.

"Hamjambo, watoto. Mimi naitwa Addiator. Nimetoka Berlin, kule Ujerumani. Kiwanda chetu kilianza mwaka 1920, na aliyekianzisha aliitwa Carl Kübler. Mwili wangu ni bati. Ndani yangu kuna tepe za bati zilizosimama wima, na kila utepe una meno. Utepe wa kulia kabisa ni wa mamoja. Unaofuata ni wa makumi. Unaofuata ni wa mamia. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Usoni nina mianya mirefu, ndimo mnamoona meno yangu. Kando ya mianya zimeandikwa namba. Nina vidirisha pia, kimoja kwa kila utepe, na jibu hutokea humo. Na huyu hapa rafiki yangu, kijiti cha chuma. Bila yeye mimi ni bati tu."

Asante, Addiator. Sasa njoo wewe, ushike kijiti. Vidirisha vyote vinaonyesha sifuri. Tujumlishe 12 na 25.

Anza na 12. Kwenye mamoja, tia kijiti kwenye jino lililo kando ya 2. Vuta chini mpaka mwisho. Kwenye makumi, tia kijiti kando ya 1. Vuta chini mpaka mwisho. Dirisha linasema 12. Sasa leta 25. Mamoja, kando ya 5, vuta chini. Makumi, kando ya 2, vuta chini. Dirisha linasema nini?

"37!"

Hujahesabu hata kidole kimoja. Umevuta bati tu.

"Ni rahisi mno, Mjomba. Hata mtoto wa nasari anaweza."

Mtoto wa nasari anaweza mpaka hapo. Sasa ngoja. Futa yote, kuna kipini hapo juu, kivute. Sifuri zimerudi. Andika 80. Makumi yanasema 8. Tuongeze 70. Tia kijiti kwenye makumi, kando ya 7. Unaona rangi gani?

"Nyekundu."

Nyekundu maana yake usishuke. Panda! Sukuma juu mpaka mwanya unapojikunja, kisha zunguka na kona hiyo mpaka kwa jirani. Umeona? Makumi yalikuwa 8, yamekuwa 5. Kijiti kilipozunguka kona, kimemshika jirani, utepe wa mamia, kikamshusha jino moja. Mamia yalikuwa sifuri, sasa ni 1. Soma.

"150. Lakini Mjomba, ngoja. Ngoja! Ulisema tuongeze. Mbona 8 imekuwa 5? Hiyo ni kutoa!"

Njoo nikupe mkono. Njoo kabisa. Wako watu waliotumia kidude hiki miaka mingi dukani na ofisini, wakapata majibu sahihi kila siku, wasijiulize swali hilo hata mara moja. Tuliambiwa tuongeze, nasi tumetoa, na jibu limekuja sawa. Vipi?

Kwa sababu kidude hiki ni kama konda wa matatu.

Tuseme umetoka tao unarudi Komarock. Tuseme nauli leo ni shilingi 70. Nasema tuseme, maana nauli ya mvua na nauli ya jua hazijawahi kuwa ndugu. Konda yuko mlangoni. Mfukoni mwake ana sarafu nane za shilingi kumi. Hiyo ni pesa ngapi?

"80."

Vizuri. Anakuja kwako. Wewe huna sarafu saba za kumi. Una noti ya mia, mama aliikunja mara nne ukaifumbata tangu stage. Unampa. Anaichomeka katikati ya vidole pamoja na nyingine, vile wanavyofanya. Kisha anakurudishia nini?

"Sarafu tatu za kumi. 30."

Mfukoni amebaki na sarafu ngapi?

"Alikuwa na nane, ametoa tatu, amebaki na tano."

Na kwenye vidole?

"Noti moja ya mia. Zote ni 150!"

Ni jibu lile lile. Konda ameongeza 70, lakini sarafu zake zimepungua. Zilikuwa nane, zimekuwa tano. Hakulia. Hakusema ameibiwa. Anajua noti imeingia upande wa pili. Addiator naye ni hivyo. Hajui kuhesabu saba juu ya nane. Anajua jambo moja tu: pokea kumi, rudisha chenji. Kuongeza 7 ni kumpa jirani moja na kurudisha 3. Kuongeza 6 ni kumpa jirani moja na kurudisha 4. Kuongeza 9?

"Kumpa jirani moja na kurudisha 1!"

Pokea kumi, rudisha chenji.

"Na rangi nyekundu? Bati linajuaje kwamba sasa ni wakati wa chenji?"

Halijui chochote, maskini. Rangi imepakwa kwenye utepe wenyewe. Utepe ukishashuka vya kutosha, ile sehemu yake nyekundu ndiyo inayotokea kwenye mwanya. Aliyepaka ndiye aliyejua. Alifikiri mara moja kiwandani, wewe usihangaike kufikiri tena kila ukijumlisha. Mashine nyingi ni hivyo, mtu mmoja alifikiria mapema, kwa niaba yetu.

Msidhani lakini kwamba rafiki yetu hana udhaifu. Mwulizeni 99 ongeza 1. Mamoja yanarudi sifuri na kumpa jirani moja. Lakini jirani mwenyewe ana 9, amejaa! Hapo bati linasimama na kusubiri mkono wa mtu. Inabidi uchukue kijiti tena, uende kwa makumi, usukume juu, uzunguke kona. Konda mvivu angesahau. Karani mvivu alisahau pia, na hesabu ikaharibika.

"Mjomba, nani alianza? Ni huyo Kübler?"

Hapana. Kübler alifanya biashara nzuri, lakini wazo lilikuwa na wazee wake. Tuanzie nyumbani basi, maana wengi husimulia hadithi hii kama kwamba watu walianza kuhesabu Ulaya.

Ukitoka hapa ukavuka Uganda yote, unafika kwenye ziwa liitwalo Edward, mpakani na Kongo. Mto Semliki unatokea humo. Upande wa Kongo kuna mahali panaitwa Ishango. Mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua hapo mfupa mdogo, urefu wake kama wa kalamu iliyotumika nusu. Umekwaruzwa mistari midogo midogo, kwa safu tatu, mafungu kwa mafungu. Safu mbili zina mistari 60 kila moja. Ya tatu ina 48. Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000. Leo uko Brussels, Ubelgiji. Wataalamu hawajaacha kubishana juu ya maana ya mafungu hayo, nami siwaingilii. Ninachowaambia ni kwamba huenda mtu wa pande zetu alishika hesabu mkononi kabla hakujawa na shule, wala duka, wala konda.

"Basi ule mfupa ni mashine?"

Hapana, na swali lako limegusa penyewe. Mfupa unakumbuka, lakini haujumlishi. Ukikwaruza mistari tisa na mingine saba, mfupa hautakuambia ni kumi na sita. Utahesabu mwenyewe. Mashine ni ile inayofanya hatua moja badala yako. Na hatua ngumu ni ile ya kuvuka kwenda kwa jirani.

Aliyeifanya ikajulikana ni kijana wa Kifaransa, Blaise Pascal. Mwaka 1642 alikuwa hajafika miaka 20. Baba yake alipewa kazi ya kodi katika mji wa Rouen, na kila siku alirudi kwenye madaftari, akijumlisha mpaka macho yanauma. Pesa zao nazo zilikuwa na vurugu. Denieri 12 zilifanya soli moja, na soli 20 zilifanya livri moja. Jaribu kujumlisha hiyo ukiwa na usingizi! Kijana akamhurumia baba yake. Akatengeneza sanduku la shaba lenye magurudumu. Unatia kijiti, unazungusha gurudumu, namba inatokea dirishani.

Uhodari wake uko hapa. Gurudumu likisogea kuelekea 9, ndani kuna kipande cha chuma kinachoinuliwa polepole. Likitoka 9 kurudi sifuri, kipande kinaanguka, kinampiga jirani teke. Jirani anasogea hatua moja. Kama jirani naye amejaa, naye anampiga teke wa pili yake. Kwa hiyo 99 ongeza 1 haikumshinda. Addiator, unasikia?

"Nasikia. Lakini yeye hakuingia mfukoni."

Kweli. Mashine ya Pascal ilikuwa ya mezani. Tena ilikuwa na mwiko mmoja: magurudumu yake yalizunguka upande mmoja tu, hayarudi nyuma.

"Basi ilitoaje? Kama hairudi nyuma, 8 toa 3 inafanyaje?"

Umemshika Pascal penyewe. Nitakuonyesha kwa gurudumu moja tu lenye namba kumi, sifuri mpaka tisa. Liko kwenye 8. Tunataka kutoa 3, na kurudi nyuma ni mwiko. Basi nenda mbele hatua 7. Hesabu na mimi: 9, 0, 1, 2, 3, 4, 5. Limesimama wapi?

"Kwenye 5! 8 toa 3 ni 5!"

Tumetoa kwa kuongeza. Kwa nini 7? Kwa sababu 7 ndiyo chenji ya 3 ukimpa mtu kumi. Pascal alitumia 9 badala ya 10, lakini ujanja ni ule ule. Addiator anaongeza kwa kutoa, Pascal anatoa kwa kuongeza. Wote wawili ni makonda.

Baada yake akaja Mwingereza, Samuel Morland, mwaka 1666. Yeye ndiye aliyetaka kitu cha mkononi hasa. Akatengeneza kimashine kidogo, chenye visahani vya kuzungusha, kwa pesa za Kiingereza. Kilipendeza kweli. Lakini hakikuweza kumpiga jirani teke. Kisahani kikizunguka mzunguko mzima, kingine kidogo juu yake kiliweka alama tu, kisha mtu mwenyewe apeleke hiyo moja kwa jirani. Samuel Pepys, karani mkubwa wa jeshi la majini aliyekuwa na kawaida ya kuandika kila kitu kwenye shajara yake, alikiona mwaka 1668. Akaandika kwamba ni kizuri kukitazama, ila faida yake si kubwa. Mimi namwona Pepys alikuwa mkali, lakini hakukosea. Mashine ya kujumlisha inayokuachia wewe kuvuka kwa jirani imekuachia kazi yote ngumu.

Wazo la tepe zenye meno alilifikiria Claude Perrault, Mfaransa, daktari aliyekuwa pia mjenzi wa majumba. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1700, yeye akiwa ameshafariki. Ile kona ya juu iliyojikunja, ya kuvukia kwa jirani, ilikuja na Heinrich Kummer, kule St. Petersburg, Urusi, mwaka 1846. Mwaka 1889 Mfaransa Louis Troncet akaanza kuuza kidude cha aina hiyo, na watu wakakipenda sana. Ndipo baadaye akaja Kübler na bati lake la Berlin. Mnaona? Kutoka wazo mpaka mfukoni, zaidi ya miaka 200. Ukisikia mtu anasema kitu fulani kilibuniwa siku moja na mtu mmoja, mwambie akae chini, akuhesabie vizuri.

"Mjomba, na Addiator angeweza kuhesabu shilingi zetu?"

Hapo Afrika Mashariki tuna la kujivunia, basi nisikilizeni.

Uingereza, mpaka mwaka 1971, peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Kwa hiyo Addiator aliyeuzwa kule ilibidi awe wa namna yake. Utepe wa peni haukuwa na desturi ya kumi. Ukifika 12 ndipo unamwita jirani. Mtoto wa Kiingereza alikuwa na kazi kwelikweli.

Huku kwetu? Zamani kulikuwa na rupia ya Kihindi, nayo ilikuwa na ana 16. Lakini kuanzia 1906 rupia ya huku ilihesabiwa kwa senti 100. Kisha mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nayo pia senti 100. Babu zenu walijua ndururu, senti tano, na sumuni, senti hamsini. Ndururu ilikuwa na tundu katikati. Mwaka 1966 tukapata shilingi yetu ya Kenya, na senti zikabaki 100. Maana yake ni nini? Karani aliyehesabu shilingi na senti hapa Nairobi aliweza kutumia Addiator wa kawaida, wa kumi kumi. Uingereza walifika hapo miaka 50 baada ya ile shilingi ya Afrika Mashariki.

Na Waingereza hao hao ndio waliotuletea shilingi hiyo ya senti 100, huku wao wakibaki na peni zao 12! Tena serikali iliyokuwa hapa haikuweza kuacha mazoea. Vitabu vyake vikubwa iliviandika kwa pauni, pauni moja shilingi 20, na hata baada ya uhuru bajeti ya Kenya iliendelea kutajwa kwa pauni kwa miaka mingi, ingawa hakuna aliyewahi kushika noti ya pauni ya Kenya mkononi. Mambo ya wakubwa.

"Mjomba, ni kipi kilikuwa bora kuliko vyote?"

Kama unaniuliza mimi, ni Curta. Lakini hadithi yake ina giza ndani. Nitaisimulia taratibu.

Palikuwa na mtu Vienna, Austria, jina lake Curt Herzstark. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha mashine za hesabu. Yeye alitaka mashine inayoenea kwenye kiganja, lakini inayofanya yote manne: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mwaka 1938 wazo lilikuwa limeiva. Mwaka ule ule watu wa Hitler wakaingia Austria. Baba yake Herzstark alikuwa Myahudi, na mnajua, au mtajua mkikua, Wayahudi walitendewa nini. Mwaka 1943 Herzstark alikamatwa, akapelekwa kwenye kambi ya Buchenwald. Watu walikufa humo kwa maelfu.

Wakubwa wa kambi wakapata habari za mashine yake. Wakamwambia aichore. Ikiwa nzuri, atapewa Hitler zawadi wakishashinda vita. Basi akachora. Alichora kwa penseli, meno kwa meno, skrubu kwa skrubu. Mchoro ule ulimsaidia kubaki hai. Mwaka 1945 vita viliisha, na aliyesubiriwa na zawadi hakushinda. Herzstark akatoka na mashine yake kichwani.

Ilitengenezwa Liechtenstein, kanchi kadogo katikati ya Uswisi na Austria. Ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Ni mviringo, inashikwa kwa mkono mmoja. Ubavuni ina vitelezi vya kuwekea namba, juu ina mpini wa kuzungusha. Zungusha mara moja, imejumlisha. Zungusha mara nne, imezidisha kwa nne. Ziliundwa kama 140,000. Wasoma ramani kwenye mashindano ya magari waliipenda, maana unaweza kuizungusha huku gari linarukaruka na macho yako yako barabarani.

"Na kutoa? Unazungusha kinyume?"

Kila siku mnaniuliza pale pale! Hapana. Mpini haurudi nyuma. Unauvuta juu kidogo, kisha unauzungusha upande ule ule. Ndani, badala ya namba, meno yanaongeza upungufu wake.

"Chenji!"

Chenji. Pokea kumi, rudisha chenji.

Miaka ya 1970 vikaja vikokotoo vya betri. Vilikuwa vyepesi, na bei ilishuka mwaka hadi mwaka. Curta ikaacha kuundwa. Addiator alijikaza mpaka 1982, kisha naye akanyamaza. Sasa kikokotoo kiko ndani ya simu ya mama, karibu na M-Pesa. Hakina meno wala utepe. Kinahesabu kwa namba mbili tu, 0 na 1. Lakini kikiambiwa kitoe, huko ndani kabisa, kwa kawaida kinajumlisha upungufu. Umeme wote huo, na bado ni konda.

"Basi hakuna tena mashine ya meno ya kuona kwa macho? Zote zimekufa?"

Nani kasema? Iko moja getini kwenu. Ile mita ya maji! Haina betri. Maji yenyewe yanazungusha kijigurudumu, kijigurudumu kinazungusha namba, na namba ikitoka 9 kwenda 0 inamsogeza jirani. Pascal angeitambua mara moja. Namba nyeusi ya mwisho ikisogea hatua moja, yamepita maji lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Sasa mnajua kwa nini mama hupiga kelele bomba likiachwa wazi.

Basi nendeni na kazi mbili. Ya kwanza, kila mtu anifanyie 8 ongeza 6, halafu 13 toa 9, bila kuhesabu vidole. Tumia chenji tu. Ya pili, siku maji yakija, mwombe mtu mzima akufunulie kifuniko cha mita. Usiguse, usifungue bomba makusudi. Subiri mtu akifua. Tazama ile namba ya mwisho kabisa upande wa kulia inapotoka 9 kwenda 0, kisha uje uniambie: jirani yake husogea kabla, baada, au pamoja nayo?